Aliyebaki na Wadogo



Watoto waliozaliwa katika mwaka wa korona sasa wamekwisha kuketi kwenye madawati ya shule ya msingi. Wanasoma herufi, wanahesabu vijiti, na hawakumbuki lolote la siku zile. Ninyi mnakumbuka. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mlikuwa na umri wa miaka 10, 12 au 14 wakati Rais Félix Tshisekedi alipolihutubia taifa jioni ya tarehe 18 Machi 2020, akatangaza kwamba kuanzia kesho yake shule, vyuo vikuu, makanisa na mabaa vifungwe, na mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 isifanyike. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametangazwa Kinshasa siku nane tu kabla ya hapo. Tarehe 24 ya mwezi huohuo ikafuata hali ya hatari, nayo ikaongezwa mara baada ya mara hadi mwezi wa Julai.

Mengi yamesemwa juu ya majira yale. Tumesikia habari za wagonjwa, za kashene, za bei ya sabuni, za misa iliyoadhimishwa na padri akiwa karibu peke yake. Lakini kuna jambo lililofanyika katika kila uwanja wa nyumba, tangu Kisangani hadi Bafwasende na Nia-Nia, ambalo sijasikia likihubiriwa wala likisomwa katika taarifa za mikutano yetu. Je, ni nani aliyebaki na watoto wadogo? Jibu langu ni fupi nami nitalitetea. Mliobaki nao ni ninyi, na hasa ninyi wasichana. Mliwalea wadogo zenu kwa miezi mingi. Malezi hayo hayakuitwa kazi, na kwa sababu hayakuitwa kazi hakuna aliyefikiri kuyagawa. Mimi naona hilo ni suala la haki, wala si la desturi tu. Na kwa kuwa magonjwa ya kuambukiza hayajatuaga, ni afadhali tuliseme sasa, wakati ambapo kila mtu ana nafasi ya kusikiliza.

Amri ya kukaa nyumbani ilitungwa kwa ajili ya nyumba ya namna fulani, yenye mlango wa kufunga, mshahara unaoingia hata kama mtu hakwenda kazini, na chakula cha wiki nzima ndani ya friji. Nyumba kama hizo zipo katika mtaa wa Gombe, Kinshasa, ambao serikali iliufunga wote mwezi wa Aprili mwaka ule. Huku kwetu, kandokando ya mto Lindi, nyumba ni uwanja wenye jiko la nje, chemchemi iliyo bondeni, na shamba lililo mwendo wa saa moja au zaidi. Mihogo haitembei kuja jikoni. Mama aliendelea kwenda shambani kwa sababu tumbo la mtoto halijui hali ya hatari. Baba aliendelea kuhangaika katika Barabara ya Taifa Na. 4, au kwenye machimbo ya dhahabu na almasi. Magari ya mizigo kutoka Kisangani yanapopungua, chumvi na sabuni hupanda bei, na bei inapopanda wazazi hulazimika kutoka zaidi ya walivyozoea. Basi wazee walitoka, watoto wa shule walirudishwa, na aliyekuwa na umri wa kuweza kumbeba mwenzake mgongoni akakabidhiwa kitambaa.

Fikirini urefu wa muda wenyewe. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilikuwa imeanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, na familia nyingi zilizokuwa zikimpeleka mtoto mmoja shuleni na kuwaacha watatu nyumbani ziliwapeleka wote. Madarasa yalijaa mpaka watoto wakakaa chini. Nusu mwaka baadaye milango ikafungwa. Madarasa ya mwisho yalirudi tarehe 10 Agosti 2020 ili wanafunzi wajiandae kwa mitihani; wengine wote walingoja hadi mwaka mpya wa masomo, tarehe 12 Oktoba. Ni karibu miezi saba. Kisha, tarehe 18 Desemba, shule zikafungwa tena hadi 22 Februari 2021. Mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa ameanza kuunganisha herufi mbili alizisahau zote mbili. Redio Okapi ilitangaza masomo, na ilikuwa kazi njema, lakini redio huhitaji mawe ya betri, na mtoto wa miaka 6 huhitaji mtu wa kukaa kando yake na kumwonyesha kwa kidole kile ambacho sauti inakieleza. Mtu huyo alikuwa ni nani? Ni yuleyule aliyekuwa akipepeta mchele, huku mdogo mwingine akilia mgongoni mwake.

Neno letu lenyewe lina la kutufundisha. Kwetu, yaya ni ndugu mkubwa, awe wa kike au wa kiume, na mdogo humwita hivyo kwa heshima na mapendo. Ukifika Nairobi utasikia neno hilohilo, lakini huko yaya ni mwanamke aliyeajiriwa kulea mtoto wa watu, mwenye siku ya kupumzika na ujira wa mwezi, ingawa ujira huo mara nyingi ni mdogo. Kazi ni ileile: kuogesha, kulisha, kubembeleza, kulaza, kukesha na mwenye homa. Kule hulipwa. Kwetu hushukuriwa, na siku nyingine hata kushukuriwa hakuna.

Sitaki mnielewe vibaya. Sisemi kwamba ni vibaya mkubwa amlee mdogo. Mimi na wengi wa rika langu tulilelewa migongoni mwa dada zetu, na upendo wa namna hiyo haununuliki. Katika miezi ile ya korona, watoto wengi walijifunza kuhesabu kwa kokoto za uwanjani kwa sababu yaya aliona haya kuwaacha wasahau. Nyimbo zilitungwa. Hadithi za bibi, ambazo shule na simu zilikuwa zimezisukuma pembeni, zilirudi jioni kando ya moto. Yote hayo ni kweli, na anayeyadharau hajui maisha ya kijiji. Lakini kuna tofauti kati ya kumsaidia mama kwa saa mbili baada ya masomo na kuwa mama tangu alfajiri hadi usiku ukiwa na miaka 12. Jambo la kwanza humkomaza mtoto. La pili humla.

Tazameni kwa makini kazi ya kumlea mtoto mdogo wakati wa ugonjwa wa kuambukiza. Mtoto wa miaka 3 huuliza kwa nini leo hatuendi kanisani, kwa nini mjomba hakunishika mkono, kwa nini watu wameficha pua. Maswali hayo ni mazito hata kwa mtu mzima. Yaya hakuelezwa chochote. Alisikia vipande vya habari njiani kwenda kuteka maji, na kwa vipande hivyo akajenga jibu. Mara nyingi jibu lilikuwa ni tisho: ukitoka uwanjani korona itakukamata, usipokula korona itakuja usiku. Ugonjwa ukafanywa zimwi la kumnyamazisha mtoto. Nani atamlaumu? Alikuwa na watoto watatu, sufuria moja, na hofu yake mwenyewe ambayo hakuna aliyemuuliza habari zake. Na pale tisho liliposhindwa, fimbo ilifuata, kwa maana mtu hutumia chombo alichotumiwa yeye. Mtoto aliyepewa mamlaka bila kufundishwa kuyatumia huyatumia kama alivyoona.

Katika mwaka uleule Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wenzao walitoa karatasi za ushauri kwa wazazi, zikatafsiriwa katika lugha zaidi ya 100. Ushauri wa kwanza ulikuwa kwamba mzazi atenge muda wa peke yake na kila mtoto, dakika 20 au zaidi kila siku, na amwache mtoto achague watakachofanya. Ni shauri jema, na tena ni rahisi; dakika 20 za kumenya karanga pamoja na kuzungumza zinatosha. Ninachoona kimepungua ni kwamba karatasi zile ziliandikwa kana kwamba mlezi daima ni mzazi. Katika nyumba zetu msomaji aliyestahili kuandikiwa alikuwa na miaka 13, na hakuna karatasi iliyomsemesha yeye.

Maandiko Matakatifu, kwa upande wake, hayakumsahau. Someni mwanzo wa Kitabu cha Kutoka. Farao ameamuru watoto wa kiume wa Waebrania watupwe mtoni, na mama mmoja anamficha mwanawe ndani ya kisafina katikati ya matete. Anayesimama mbali kuangalia yatakayompata mtoto ni dada yake. Sura ile haimtaji hata kwa jina. Ni baadaye tu tunaambiwa kwamba Musa alikuwa na dada aliyeitwa Miriamu. Tunapenda kulihubiri jambo hilo kama sifa ya msichana mwaminifu, nasi tunaishia hapo. Lakini endeleeni kusoma. Msichana yule hakukaa kimya. Alimwendea binti Farao, akazungumza naye, akapanga ni nani atakayemnyonyesha mtoto, na mtoto akarudi mikononi mwa mama yake mzazi. Tena binti Farao aliahidi kumlipa mama huyo ujira. Ndani ya nyumba ya mtesaji, malezi ya mtoto mchanga yalihesabiwa kuwa kazi yenye malipo. Sisi tuliobatizwa tunaona vigumu hata kuyahesabu kuwa kazi.

Turudi kwenye mambo ya mwili, maana ndiko hatari ilikokuwa. Korona haikuwaua watoto wadogo kama ilivyowaua wazee. Ugonjwa uliokuwa ukiwaua watoto wetu wakati huohuo ulikuwa ni surua. Mlipuko wake ulitangazwa mwezi wa Juni 2019, na hadi mwanzoni mwa Januari 2020 ulikuwa umekwisha kuua watu zaidi ya 6000 katika nchi yetu, wengi wao watoto wasiotimiza miaka 5. Surua ina chanjo. Chanjo ina karatasi yenye tarehe, na karatasi hiyo huhifadhiwa na mama ndani ya sanduku. Anapokwenda shambani humkabidhi binti yake mtoto, lakini karatasi hubaki sandukuni; pamoja nayo hubaki ujuzi wa kutofautisha homa ya kawaida na homa inayotaka mtu akimbilie kituo cha afya usiku huohuo. Tulimpa mtoto mzigo bila kumpa maarifa ya kuubeba.

Na msichana mwenyewe je? Tulivyotangaziwa kwamba shule zimefunguliwa, sote tulidhani kila mtu amerudi. Tazameni majirani zetu wa Uganda, ambao shule zao zilifungwa kwa sehemu kubwa tangu Machi 2020 hadi tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote. Huko wasichana wengi walirejea wakiwa na watoto wao wenyewe, au hawakurejea kabisa. Sierra Leone, baada ya Ebola, wasichana wajawazito walikatazwa hata kuingia darasani, na katazo hilo liliondolewa Machi 2020, wakati dunia ilipokuwa inafunga shule tena. Kwetu kufungwa kulikuwa kufupi zaidi, lakini miezi saba hutosha kumzoesha msichana, na kuizoesha nyumba yake, kwamba nafasi yake ni hapa. Mama amezoea kurudi na kukuta chakula kimepikwa. Mdogo amezoea kulala kwa sauti ya yaya tu. Siku ya kufungua shule hakuna anayemkataza kwenda. Kuna tu mtoto analia, na maji hayajatekwa, na tutaona wiki ijayo.

Sasa niseme nanyi, ndugu zangu wavulana. Siku ya kwanza ya kufungwa, tarehe 19 Machi, ilikuwa ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na baadaye mwaka uleule Baba Mtakatifu Fransisko alitangaza mwaka maalumu wa mtakatifu huyo. Tulimwimbia sana. Lakini Yosefu tunayemjua katika Injili ya Mathayo ni mwanamume aliyeamka usiku, akamchukua mtoto pamoja na mama yake, akashika njia ya Misri. Atakuwa aliwahi kumbeba mtoto huyo mama alipochoka, na kumnyamazisha alipolia barabarani. Wakati wa korona nyingi za siku zenu zilipita kwenye mpira, kwenye baiskeli za toleka, au chini ya mti mkiwa na simu moja watu sita. Hamkuwa wavivu, baadhi yenu mlibeba mizigo mizito ili nyumba ipate chumvi. Lakini mtoto aliyejikojolea mliita jina la dada yenu ili aje ambadilishe. Nawauliza kwa heshima: ni sheria gani ya Mungu au ya mababu inayosema mkono wa mvulana hauwezi kuosha mtoto? Nimekwisha kuuliza wazee kadhaa, na kila mmoja alicheka kwanza kabla ya kujibu.

Kuna atakayesema kwamba mambo haya yamepita. Hayajapita. Mpox, ambayo zamani tuliiita ndui ya nyani, ni ugonjwa wa misitu yetu. Mtu wa kwanza kujulikana duniani kuwa nao alikuwa mtoto wa miezi 9, katika eneo la Basankusu, mwaka 1970. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa dharura ya kimataifa, na katika nchi yetu sehemu kubwa ya walioathirika walikuwa watoto. Hata hivyo chanjo zilizoanza kutolewa Goma mwezi wa Oktoba mwaka ule zilikuwa za watu wazima. Tangazo la dharura liliondolewa Septemba 2025; ugonjwa haukuondoka nalo.

Mpox hupitia kwenye ngozi, kwenye nguo, kwenye mkeka wanaolalia watu wengi. Wanasema mgonjwa atengwe. Ni sawa; lakini mtoto wa miaka 2 hatengwi peke yake. Lazima mtu aingie naye, amlishe, amwoshe vidonda, amshike anapolia. Ikiwa mama ni mjamzito, haifai awe yeye, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Basi macho ya nyumba nzima, bila neno lolote kusemwa, yatamgeukia binti wa miaka 13. Ndivyo uamuzi huu unavyofanyika: kwa macho. Mimi nasema ufanyike kwa maneno, mchana, wote wakisikia, kabla ya homa ya kwanza: mtu mzima mwenye afya ndiye atakayekaa na mtoto, atanawa kwa sabuni, atalala mkeka wake, nguo za mgonjwa zitafuliwa mbali, na kaka fulani atachukua kazi ambazo mtu huyo ameziacha. Wazazi wengi hawatakasirika mkiwauliza. Wamechoka vilevile, nao hawakupewa nafasi ya kuchagua.

Vikundi vyetu vya vijana vinaweza kufanya mambo mawili yasiyohitaji fedha. Kwanza, mwombeni muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu aje mara moja awafundishe wote, wavulana kwa wasichana, kuogesha mtoto mchanga, kupika uji usio mwepesi mno, kusoma karatasi ya chanjo, na kutambua dalili za kumkimbiza mtoto kwa mganga. Pili, chukueni daftari mpite nyumba kwa nyumba katika shirika lenu mkiuliza ni nani aliyekuwa shuleni mwanzoni mwa mwaka 2020 na hakurudi. Msiende kuhubiri. Andikeni jina, andikeni darasa aliloishia, ulizeni ni kitu gani kingemwezesha kurudi au kujifunza ufundi, kisha mpelekeeni paroko na halmashauri daftari hilo likiwa limejaa, wasome wenyewe.

Halafu kuna saa ya mkutano wenu. Katika parokia nyingi huwekwa Jumapili alasiri, saa ambayo mama amekwenda kuwatazama wagonjwa au kulala kidogo, na watoto wamebaki na yaya. Kisha katibu anashangaa kwa nini wasichana hawahudhurii. Hamisheni saa hiyo. Au ikishindikana, tandikeni mikeka miwili nyuma ya chumba, wadogo waje pamoja na dada zao, na wavulana wapokezane kuwashika kwa zamu. Watoto watapiga kelele, na mwenyekiti atalazimika kupaza sauti.